Cytalux ni rangi, sio dawa ya kansa

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka na miaka na sijawahi kuwaandikia hata mstari, ila ile habari yenu ya "dawa mpya ya kansa ya mapafu" kutoka huku Marekani imenishinda. Cytalux haitibu kansa jamani. Ni rangi. Mgonjwa anawekewa kwenye mshipa kati ya saa 1 na saa 24 kabla ya operesheni, inaenda kung'ang'ania kwenye seli za uvimbe, halafu daktari akiwa ndani ya kifua anamulika na kamera yake maalum, uvimbe unawaka kwenye skrini, anaukata. Basi. Kisu kiko palepale.

Sasa mlichonifanyia ni hivi. Shangazi yangu hapa Houston alikuwa anasubiri operesheni hiyohiyo, tumeshambembeleza mpaka kakubali, mara habari yenu ikaingia kwenye grupu la ukoo na watu wa Tanga wakaanza kumrushia voisi, dada usikubali kupasuliwa, waambie wakuchome ile ya gazetini inayeyusha yenyewe, na shangazi akagoma, kila nikimuelewesha ananijibu "kwani gazeti linadanganya?" Na kitu cha maana kuliko vyote mmekiruka! Vidonge vya foliki, ile vitamini, vinatakiwa kuachwa saa 48 kabla, maana ile rangi inapitia kwenye vipokezi vilevile vya foliki kwenye seli, na chupa yenyewe ilikuwa mezani pembeni ya kikombe chake cha chai, anameza kila asubuhi, na hao wa hospitali nao wala hawakuuliza mpaka nesi alipopiga simu jioni ya kuamkia siku yenyewe, operesheni ikasogezwa, grupu likashangilia eti mnaona, Mungu hataki kisu.

Kitu chenyewe ni kizuri, sibishi. FDA, mamlaka ya dawa ya huku Marekani, wameiruhusu kwa mapafu Desemba 2022, mwaka mmoja baada ya kansa ya ovari, na kwenye utafiti wa wagonjwa 110, asilimia 24 walikutwa na uvimbe wa kansa ambao macho na vidole vya daktari havikuugundua. Ila inaweza kuwaka pasipo na kansa, na penye kansa isiwake. Si mngeandika hivyo tu?

Halafu chini ya habari hiyohiyo mmeweka tangazo la mitishamba ya "kusafisha mapafu siku saba", na namba ya simu kubwa kuliko kichwa cha habari. Hela ya tangazo tamu eh?

Masahihisho msiyafiche ukurasa wa pili, yawekeni kwenye tanzia, huko ndo ukoo wangu unaanzia kusoma. Na huyo mwandishi arekodi voisi, anitumie niipeleke kwenye grupu. Isizidi sekunde 40, hawasikilizi.

Msomaji wenu,
Houston, Texas