Ramani ya nyumba ina karo la maji taka, mbona haina kisima cha mvua?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni fundi bomba mstaafu, mkazi wa Mkonze hapa Dodoma. Nimefunga mabomba miaka 31, ya serikali na ya watu binafsi, na hakuna aina ya koki inayovuja ambayo sijaikuta. Barua hii ni ya maji ya mvua, lakini itabidi nianzie baharini, maana huko ndiko nilikoaibishwa na mtoto wa miaka tisa.

Mwezi Oktoba binti yetu, ambaye ni muuguzi Uingereza, alitulipia mimi na mama yake safari ya meli ya kitalii katika Bahari ya Mediterania. Ilikuwa wiki ya familia. Mle ndani walijaa mababu, mabibi, wazazi na watoto, na watoto wana michezo yao tangu chai ya asubuhi hadi walale. Kila familia ilivaa fulana za rangi moja, na yetu ilikuwa ya machungwa. Mke wangu siku ya kwanza aliikataa kabisa. Siku ya pili nikamkuta ameivaa, kanga kiunoni, anapigwa picha na bibi wa Kihispania asiyejua neno lake hata moja. Mimi nimezaliwa Mvumi. Utotoni maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona ni ya korongo siku limeshuka. Kuamka asubuhi ukakuta maji pande zote hadi mwisho wa macho, halafu ukakumbuka kwamba hayanyweki, si jambo unalolizoea kwa siku tatu.

Siku ya nne tulifunga gati Valletta, mji mkuu wa Malta. Tuliambiwa saa kumi jioni kila mtu awe amesharudi melini. Mimi Malta nilikuwa naijua kwa jina lake la Biblia, Melita. Iko kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 28: merikebu imevunjika, Paulo na wenzake wametoka majini wameloa chapachapa, wenyeji wakawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Naomba msomaji aishike hiyo mvua, nitairudia.

Ukiwa gatini mji uko juu ya kichwa chako. Ni ukuta wa mawe ya rangi ya asali uliosimama wima, nyumba zimekaa juu yake. Magoti yangu yalishaanza kulalamika kabla sijapiga hatua, kumbe kuna lifti ya mita 58 inayokupandisha hadi kwenye bustani ya juu, hujamaliza hata kuhesabu wenzako. Lifti ya kwanza hapo ilijengwa mwaka 1905. Hii ya sasa ilifunguliwa mwaka 2012.

Watoto walikuwa wamepewa karatasi na meli, ina mambo kumi ya kutafuta mjini. Tafuta roshani ya kijani. Tafuta mzinga. Tafuta mtakatifu aliyesimama kwenye kona ya nyumba. Ilikuwa akili kubwa, kwa sababu wajukuu wangu wawili, ambao kwa kawaida ukiwaambia "tembea kidogo" wanakaa chini, siku hiyo walitukokota sisi. Mji wenyewe ni mdogo na mitaa yake imenyooka kama mistari ya daftari, maana ulipangwa kabla ya kujengwa. Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, watawa wapiganaji waliokitawala kisiwa, waliuanza mwaka 1566, mwaka mmoja tu baada ya kuzingirwa na Waturuki. Roshani zake ni za mbao, zimefungwa kwa vioo, zinaning'inia ukutani kama makabati. Kwenye lango la mji wameweka Bunge lao, jengo jipya la mawe lililokamilika mwaka 2015, na watu wanapita pembeni yake na vikapu vyao kama wanapita dukani. Kanisa kubwa la Mtakatifu Yohane hatukuingia. Foleni ilikuwa ndefu na mjukuu wa kiume alishaanza kubana miguu.

Lakini lililonisimamisha ni lugha. Tulikuwa tunanunua vitumbua vyao (si vitumbua hasa, ni vikate vya matabaka kama sambusa iliyofura, ndani kuna jibini au njegere), nikawasikia wauzaji wawili wanahesabiana chenji: hamsa, sitta, seba. Nikamshika mke wangu mkono. Nikamwomba kijana anihesabie makumi, akanihesabia kwa raha zake, na mimi nikawa nasikia ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, zimepindapinda kidogo lakini ni zilezile, hadi mia na elfu. Kitabu ni "ktieb". Langoni wameandika "Merħba", yaani karibuni, na mke wangu akaujibu ukuta kwa salamu ya Kigogo: "Mbukwenyi!" Ni lugha yenye asili ya Kiarabu kama yalivyo maneno yetu hayo, ila wanaiandika kwa herufi za Kirumi, na Wakatoliki wale Mungu wanamwita Alla. Furaha yangu ilikatika nilipomuuliza yule kijana anafunga saa ngapi. Akasema "sitta". Nikamwambia binti yangu tufanye haraka, mchana watafunga. Mkwe wangu akacheka hadi akaketi: sita ya kwao ni kumi na mbili yetu ya jioni.

Saa sita ya kwetu, yaani mchana wenyewe, tulikuwa tumerudi kwenye ile bustani ya juu. Huwa wanapiga mzinga kila siku saa hiyo. Mjukuu wa kike aliziba masikio dakika kumi kabla, na mlio ulipokuja akasema hakusikia chochote, warudie.

Basi lilikuwa limebaki swali la kumi. Mjukuu huyo wa kike akanisomea na kunitafsiria: "Mji huu hauna mto. Watu wa zamani walikunywa nini?" Halafu akasema, "Hili ni la Babu. Babu ni wa maji." Wote wakanigeukia. Nikakohoa kidogo, nikajibu kwa sauti ya mtaalamu kwamba walichimba visima virefu. Aliandika. Tukaenda kuhakiki kwenye nyumba moja ya kale inayopokea wageni, na mama aliyetuongoza akaisoma ile karatasi, akatikisa kichwa. Mwamba huo umezungukwa na bahari pande tatu. Ukichimba chini sana unakutana na chumvi. Mtoto akafuta jibu langu kwa raba, taratibu, bila kusema neno. Fundi wa miaka 31.

Mama yule akatushusha ngazi hadi chini ya nyumba. Mle kuna shimo limechongwa kwenye jiwe, umbo lake kama kengele, mdomo mwembamba juu na tumbo pana chini. Hicho ndicho kisima, na hakina chemchemi yoyote. Akatueleza kwamba mji ulipoanza kujengwa ilikuwa amri: kila nyumba iwe na kisima chake cha kupokea mvua ya paa lake. Jiwe lililotoka shimoni ndilo lililotumika kupandisha kuta, kwa hiyo shimo halikuwa hasara. Maji ya mfereji kutoka bara ya kisiwa yalifika mjini mwaka 1615. Kabla ya hapo, karibu miaka 50, mji mkuu ulitegemea zaidi kile kilichoanguka juu ya mapaa yao wenyewe.

Tukiwa bado ndani, mvua ikashuka. Haikuwa kubwa, kama dakika 20 hivi. Tulipanda tukasimama kwenye varanda ya ua, wageni wengine wakawa wanalalamikia viatu vyao, mimi nikawa natega sikio. Maji yalitoka paani, yakaingia kwenye bomba la ukutani, yakateremka, halafu ukayasikia yanaanguka chini ya miguu yako, mbali, ndani ya jiwe. Mhariri, nimesikia maji maisha yangu yote, lakini mlio ule sikuwa nimewahi kuusikia. Ni mlio wa maji yanayowekwa akiba bila mota, bila mita na bila kumpigia mtu simu.

Malta inapata mvua ya milimita 550 hivi kwa mwaka, na kiangazi chao ni kikavu kabisa. Dodoma yetu haiko mbali na hapo: mvua zinaanza Novemba au Desemba, zinakoma Aprili, halafu vumbi. Wao leo sehemu kubwa ya maji yao ya bomba ni ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa mitambo. Sisi bahari hatuna. Tunavyo visima vya Mzakwe, tunalo Bwawa la Farkwa ambalo tumelisikia tangu nikiwa kazini, na tunayo ahadi ya maji ya Ziwa Victoria. Sina ugomvi na mradi wowote. Nimekula kwa miradi hiyo. Ila mwaka jana mwezi Oktoba mtaani kwetu tulikaa siku tisa bila tone, dumu la lita 20 nikalinunua kwa shilingi 500, nami ndiye mtu ninayeitwa na majirani wakikosa maji.

Nimepiga hesabu melini usiku huohuo, nyuma ya ile karatasi ya mtoto. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, bati lake limefunika kama mita 10 kwa 12. Milimita moja ya mvua juu ya bati hilo ni lita 120. Chukua milimita 550 za mwaka, unapata lita 66,000. Toa moja ya tano kwa yanayomwagika na yanayokauka, bado una zaidi ya lita 50,000. Ni madumu 2,500. Hayo ndiyo tunayoyaachia kila mwaka yachimbe mitaro barabarani na kuingia kwa jirani wa chini, ambaye anakuja kugombana.

Babu zetu walikuwa na udhuru. Tembe lina paa la udongo, ukikinga maji yake utakunywa matope. Walifukua mchanga wa korongo wakasubiri yachuje. Sisi tumeezeka bati, tena la rangi. Gata hatuweki, na anayeweka anatega pipa moja, likijaa dakika ya tano anarudi kulala.

Ombi langu ni kwa wanaopitisha vibali vya ujenzi katika jiji hili linalokua kila ukigeuka. Mwananchi anayepeleka ramani ya nyumba anatakiwa aonyeshe karo la maji taka. Asipolionyesha, anarudishwa akachore upya. Iweje shimo la kupokea maji machafu liwe lazima, na la kupokea masafi liwe hiari? Liongezwe kwenye ramani, upande wa juu wa mteremko, mbali na karo. Shimo la mita tatu kila upande linabeba lita 27,000, na fundi yupo tayari eneo la kazi, saruji ipo, kokoto zipo, moramu inayotoka inajaza msingi. Kuongeza shimo wakati huo ni nafuu sana kuliko kuja kuvunja ua miaka mitano baadaye, kama ninavyofanya mimi sasa. Plasta ya ndani isifanyiwe ubahili. Mdomo uwe na mfuniko wa chuma wenye kufuli, kwa ajili ya watoto na mbu. Mvua ya kwanza ya msimu iache ioshe bati, uielekeze nje. Ya kunywa chemsha au weka dawa.

Kuna watakaosema watu hawana uwezo. Nimejenga na watu hawa. Mwenye uwezo wa geti la kuteleza na vigae vya mbele anao uwezo wa shimo. Asiyekuwa nao kabisa aanze na gata upande mmoja na tangi la plastiki, lakini ramani yake iachie nafasi.

La kwangu nilianza kulichimba wiki moja baada ya kurudi. Jirani aliuliza kama karo limejaa. Nilipomweleza, aliangalia anga, akaniangalia mimi, akaniuliza huko Ulaya nilipewa dawa gani. Mke wangu anawaambia watu kwamba nachimba handaki la vita. Plasta imekauka juzi, mfuniko bado uko kwa mchomeleaji, nimefunika kwa mbao na bati kuukuu. Mvua ya kwanza niliielekeza nje kama nilivyoshauri hapo juu, na iliniuma. Ya pili ilipiga Jumanne usiku, robo saa tu. Asubuhi nilishusha ufito, nikaupima kwa vidole.

Mjukuu alipiga simu kutoka Uingereza jioni yake, akitaka kujua yamefika wapi. Nikamwambia: vidole hamsa.

Fundi bomba mstaafu,
Mkonze, Dodoma