Machinjio na mazizi ya vijijini yasisahaulike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie majengo ambayo waandishi wa historia za vijiji huyapita haraka mno, yaani yale yaliyoweka machinjio na zizi chini ya paa moja, ambayo mengi yamebomolewa bila hata kupigwa picha.

Mpangilio huo haukuwa wa kubana matumizi tu. Mnyama aliyeswagwa mwendo mrefu sharti apumzishwe na kunyweshwa maji, kwani akichinjwa akiwa amechoka, nyama yake huwa nyeusi, ya kunata na huharibika upesi. Ndiyo maana upande mmoja palikuwa na hori, na upande wa pili sakafu iliyoinama kuelekea mfereji wa damu, pete ya chuma iliyopachikwa sakafuni ya kupitishia kamba, na boriti nene ya kutundikia mnyama aliyechunwa.

Kilichoyamaliza kinajulikana. Napoleon aliagiza machinjio ya umma yajengwe Paris mwaka 1810, Chicago ikafungua mazizi yake makubwa mwaka 1865, kisha mabehewa yaliyopozwa kwa barafu yakaisafirisha nyama mbali. Kanuni za afya (za haki kabisa, kwa maoni yangu) zikafunga yaliyobaki.

Anayetafuta jengo lililotoweka aanze na ramani za kodi na leseni za wachinjaji, halafu awahoji wazee kuhusu mfereji ulikoelekea. Nazisihi halmashauri zipime na kuchora yaliyosalia kabla ya kutoa kibali cha kubomoa.

Msomaji wako