Ua la Tanga tunauziwa kama la Ulaya

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Hapa Moshi ukipita kwa wauza maua ya vyungu ukaulizia lile fupi la majani yenye manyoya na ua la zambarau, ambalo Kiingereza wanaliita African violet, utaambiwa hilo la Uholanzi dada, ndo maana bei imesimama. Jamani! Hilo ni la Tanga, unapanda basi asubuhi mchana uko huko.

Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi hizo za ukoloni, alimtumia baba yake mbegu Ujerumani, na 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, hukohuko Ujerumani, akaliita Saintpaulia ionantha, yani bwana mkubwa kapewa ua, Washambaa waliokuwa wanalipita njiani kila siku hawamo. Miaka ya 1920 kitalu cha Armacost & Royston kule Los Angeles wakaotesha mbegu za kutoka Ujerumani na Uingereza, wakachagua aina 10 tu, na hizi pinki na nyeupe tunazozishangaa nyingi zinarudi kwenye ukoo huohuo mdogo. Juzi juzi wataalamu wamepima DNA wakakuta jamii nzima ya Saintpaulia iko ndani ya kundi kubwa zaidi la mimea liitwalo Streptocarpus, so tangu 2015 hata hilo jina la Mjerumani limeshushwa cheo.

Sasa ishu iko hapa. Ua hili unachomeka jani tu kwenye udongo linaota, lakini linalotoka ni pacha wa mama yake, hakuna damu mpya. Damu mpya iko porini, kwenye miamba yenye kivuli kule Usambara, Nguru na Uluguru, ukikata msitu juu yake jua linayamaliza.

Na kinachoniuma zaidi, waridi tunazolima Arusha nyingi ni za wazalishaji wa nje na mashamba yanawalipa kwa kutumia aina zao, ila hili letu liliondoka bure, maana mkataba wa kimataifa unaotambua kuwa nchi ina haki na mimea yake umekuja 1992, miaka 100 baadaye!

Wenye vitalu andikeni Usambara kwenye vyungu, haigharimu kitu. Na nyie gazeti mtumeni mwandishi wenu aende msitu wa Amani, kule Usambara, apige picha yale ya porini, mtuwekee ya rangi tafadhali, sio nyeusi na nyeupe.

Msomaji wenu,
Moshi