Kipindi cha Historia Jumamosi: tafadhali thibitisheni

Habari za jioni ndugu zangu watahiniwa. Poleni na majukumu.

Jumamosi hii tunakutana saa 9 alasiri, si saa 4 asubuhi kama tulivyozoea, maana wengi mna zamu sokoni. Mahali ni palepale, barazani kwangu.

1. Mchango ni Sh 1,000 kila mtu, za kutoa kopi za maswali. Mwisho Ijumaa saa 12 jioni, mwenye steshenari hakopeshi.
2. Kila mmoja ajibu maswali 10 ya Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani (1905–1907) nyumbani, bila kufungua daftari. Kinjekitile, mganga aliyewapa wapiganaji maji ya kuwakinga na risasi, mnamjua. Andikeni pia kodi na kulimishwa pamba kwa nguvu, alama nyingi ziko kwenye sababu.
3. Njooni na kalamu nyekundu, tutasahihishana.

Nimepitia karatasi zenu za wiki jana. Wengi mmeandika "Tanzania ilipata uhuru 1961". Hapana jamani. Iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ni Tanganyika. Mapinduzi ya Zanzibar ni 12 Januari 1964, Muungano ukafuata 26 Aprili mwaka huohuo, na jina Tanzania likaja Oktoba. Mmoja alikuwa amepatia, akafuta, akaandika kosa. Iliniuma kweli. Ukiwa na uhakika, usifute.

Dada mwenye mtoto mchanga, njoo naye tu, mkeka upo.

Naomba kila mtu aandike "NAKUJA" au "SIPO" hapa kabla ya kesho usiku, nijue idadi ya kopi.