Barua ya Wazi kwa Mhifadhi: Banda la Simba Lisirudishiwe Simba

Kwa Mhifadhi Msimamizi,
Bustani yetu ya wanyamapori,
Dodoma.

YAH: MABADILIKO YA WANYAMA NA MABANDA

Ndugu Mhifadhi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari hapa jijini, na kila mwaka huwaleta wanafunzi wangu bustanini kwako. Nakuandikia hadharani kwa kuwa bustani ni ya watu wote, na tangazo lililobandikwa langoni tangu yule simba dume alipokufa linatuhusu sote: kwamba mabanda yanapangwa upya, na kwamba watatafutwa simba wawili wadogo wa kukalia banda lake. Naomba simba hao wasije. Banda lile wapewe fisi, na fedha ambayo ingewalisha simba iwatengenezee makazi ya kweli wanyama wa nchi hii kavu ya Ugogo ambao eneo letu linawatosha.

Kazi yenu naiona. Mwaka huu mmevunja sakafu ya zege kwenye banda la nungunungu, mkamwaga udongo wa kichanga na kutupia magogo. Nungunungu ni mchimbaji. Kwenye zege alikuwa akijikunyata pembeni mchana kutwa. Sasa ana shimo lake, ana gogo la kutafuna, na jioni kabla lango halijafungwa anatoka, miba yake ikilia. Wanafunzi wangu walikuja wakiamini kwamba nungunungu hurusha miba. Waliposimama pale wakamwona akiwageuzia mgongo na kutikisa mkia, ilikuwa rahisi kuwaeleza kwamba miba haipai hewani. Humchoma adui anapoigusa, ikabaki mwilini mwake. Siku ile waliuliza maswali hadi dereva wa basi akapiga honi. Aliyeamua kuvunja zege lile anawajua wanyama, na ningependa huyohuyo ndiye aamue kuhusu banda la simba.

Simba mzima huhitaji wastani wa kilo 5 hadi 7 za nyama kwa siku. Tukichukua 5 tu, simba mmoja ni kilo 1,825 kwa mwaka, na wawili ni kilo 3,650. Bustani inayoishi kwa kiingilio kidogo itazipata wapi? Kwa yule simba mzee tuliona. Wakati wa sikukuu na likizo, wageni wakiwa wengi, alikula vizuri. Miezi mingine aliletewa vichwa na miguu ya ng'ombe, na mbavu zake zilihesabika. Simlaumu mhudumu wake. Aligawa alichopewa.

Tena simba akiwa kifungoni huweza kuishi miaka 20 na zaidi. Hao watoto mtakaowapokea watakuwa bado wanadai nyama wakati wewe umeshahamishiwa kituo kingine na mimi nimeshastaafu. Wakiwa dume na jike watazaa: mimba ya simba ni siku 110 hivi, na mara nyingi jike huzaa watoto wawili hadi wanne. Watoto hao watapelekwa wapi? Simba aliyelelewa na watu hakufundishwa kuwinda na mama yake, wala hamwogopi binadamu. Ukimwachia katika mapori ya akiba ya Muhesi au Kizigo, kule Manyoni, atafuata zizi la ng'ombe la kijiji cha jirani, na mwisho wake ni mkuki au sumu. Kwa hiyo watabaki, na banda lililokuwa dogo kwa simba mmoja litakuwa na watano.

Kuhusu udogo wa banda, sisemi kwa huruma peke yake. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Ros Clubb na Georgia Mason, walilinganisha wanyama walao nyama wanaofugwa kwenye bustani, wakaonyesha kwamba wale ambao porini huzunguka maeneo makubwa ndio wanaoathirika zaidi kifungoni: huenda na kurudi njia ileile bila kukoma, na watoto wao hufa kwa wingi. Njia hiyo kwenye banda letu bado ipo. Ni ule mstari uliochimbika kando ya nondo, usioota hata jani.

Najua hoja itakayotolewa kikaoni, na ni hoja ya haki: mtoto wa Nkuhungu au wa Chamwino hatafika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kufika Iringa peke yake ni kilomita 260 hivi, bado safari ya kuingia hifadhini, na shule nyingi za kata haziwezi kukodi basi. Nchi yetu ina simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote, halafu mtoto amalize shule hajawahi kumwona hata mmoja. Jambo hilo linaniuma kama linavyokuuma wewe. Ila mimi husahihisha madaftari baada ya kila ziara, na ninajua watoto waliona nini. Kwenye ukurasa wa simba wengi waliandika mstari mmoja: amelala, au anatembea na kurudi. Ukurasa wa nungunungu ulijaa. Kama shabaha yetu ni mtoto, basi fedha ya kilo 3,650 za nyama kila mwaka ikodi mabasi, iwapeleke wanafunzi Ruaha wakamwone simba anayeishi kama simba. Hata wakienda wachache kwa zamu, watakaorudi watawasimulia wenzao.

Sasa fisi. Wale wawili wamebanwa kwenye kizimba kilichopakana na banda tupu, na ukuta ulio katikati ni wa tofali moja tu. Ubomoeni. Fisi madoa ni mnyama wa ukoo, majike ndio watawala na ndio wakubwa kwa umbo, na sehemu kubwa ya chakula chake porini hukiwinda mwenyewe, tofauti na tunavyomsema vijijini kwamba kazi yake ni kuokota mizoga. Anapenda kulala kwenye maji wakati wa joto. Mpeni dimbwi la kina cha goti, udongo wa kuchimba na mifupa mizima ya kuvunja kwa meno yake, maana mifupa ndiyo inayomshughulisha. Huyu watoto wetu wanamsikia usiku pembezoni mwa jiji na kumwogopa kwa hadithi za uchawi. Ni haki yao kumfahamu.

Sehemu iliyobaki, ile yenye mawe makubwa nyuma ya ofisi ambayo sasa inahifadhi mabomba na mapipa, ndiyo ninayoiwazia zaidi. Wapeni pimbi. Mkoa huu umejaa vilima vya mawe, na pimbi wako kwenye vilima hivyo tangu zamani. Ile michirizi myeupe inayoonekana kwenye miamba ni mkojo wao, kwa kuwa kundi lote hujisaidia mahali pamoja. Ni mnyama mdogo ambaye ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva, na ukimwambia hivyo mwanafunzi wa kidato cha pili hataamini mpaka umwonyeshe meno ya juu yanayokua kama vipembe. Mwili wa pimbi haudhibiti joto vizuri, ndiyo maana asubuhi ya Julai, usiku ukiwa umeshuka hadi nyuzi 13 hivi, hutoka na kujipanga juani kabla ya kula, huku mmoja akilinda na kupiga kelele akiona tai. Hilo ni somo zima la mada ya joto la mwili, na gharama yake ni majani na uzio. Wenzetu wa Mwanza wanajua. Kisiwa cha Saanane kilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, leo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, na pimbi wanaozurura huru kwenye mawe yake ni miongoni mwa wanaofurahisha wageni.

Katika nyufa za mawe hayohayo angeweza kukaa kobe bapa, yule mwenye gamba laini lililolala kama chapati, anayejisukuma ndani ya ufa asitolewe. Anapatikana Tanzania na Kenya, na kidogo kaskazini mwa Zambia, basi. Kati ya nchi zote duniani. Hutaga yai moja kwa wakati, kwa hiyo wakiokotwa wengi hawafidiwi upesi. Wafanyabiashara wa wanyama wamewasomba kwa miaka mingi hadi mwaka 2019 akawekwa kwenye orodha kali kuliko zote ya mkataba wa CITES, ile inayozuia biashara ya kimataifa ya wanyama waliotolewa porini. Sisemi mkawakamate vilimani, hapana kabisa. Lakini kobe wanaonaswa mikononi mwa wasafirishaji haramu wanahitaji mahali pa kutunzwa, na bustani ndogo ya Dodoma, yenye jua na mawe waliyozaliwa nayo, inafaa kuomba kibali cha kuwatunza. Hapo bustani itakuwa inaokoa mnyama, na mtoto atajua kwamba mnyama adimu anaweza kutoka Ugogo.

Digidigi nao wahamishwe kutoka uwanja ule wa wazi. Huishi wawiliwawili, huweka alama kwenye vijiti kwa tezi iliyo mbele ya jicho, na akikosa kichaka cha kujificha huishi kwa hofu saa zote. Pandeni mikunazi na vichaka vya aina ile ya Itigi, mwachieni achague lini aonekane. Tumbili anayefugwa peke yake apelekwe penye wenzake. Manyoya anayojinyofoa mikononi yanatosha kuwa ushahidi.

Jambo la maji na kivuli lisisubiri mpango mkubwa. Dodoma hupata mvua wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kisha ni upepo na vumbi. Oktoba joto hupita nyuzi 30, na bati lililoezekwa karibu sana juu ya kizimba hugeuza kivuli kuwa joto zaidi. Ezekeni kwa nyasi, inueni paa, na kila safu ya mabanda iwe na simtanki yake ya akiba ili siku za mgawo wa maji hori lisikauke. Mabaki ya mboga na matunda ya Soko la Majengo yanatupwa kila jioni. Yakichambuliwa vizuri yatapunguza bili ya chakula cha nungunungu na tumbili. Na yale mabango ya "usilishe wanyama" yaandikwe upya kwa herufi kubwa yakieleza sababu, kwa kuwa watu wanaendelea kurusha biskuti na karanga mbele ya wahudumu.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na wewe unaijua kuliko mimi. Ninachoomba ni mchoro wa mabanda mapya ubandikwe langoni kabla fundi hajaanza kuchomelea nondo, tuusome na tutoe maoni. Chuo Kikuu cha Dodoma kiko hapahapa, na wanafunzi wake wa sayansi wangeweza kukaa siku nzima wakirekodi fisi wanavyotumia banda lililounganishwa. Wangu pia wataleta madaftari yao. Niko tayari kuja na nakala zake ofisini kwako Jumamosi yoyote utakayonipangia, ila naomba iwe kabla ya kibali cha kuwaleta simba wale kutiwa saini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Biolojia,
Dodoma.