Simu Niliyoifungia Kabatini

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Nairobi, pamoja na dua za nyanyako, ambaye kila asubuhi huniuliza kama umepata mahali panapopikwa mbaazi za nazi zinazolika. Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu mara tatu nimejaribu kukurekodia sauti na mara tatu nimeifuta kabla ya kuituma. Barua hii ataichukua binamu yako anayepanda treni Jumamosi, na bahasha nimeibandika gundi pande zote, maana unamjua mwenyewe kwa udadisi. Ninalotaka kuliandika ni lile jambo la simu, ambalo mimi nawe tulilimaliza kwa kunyamaza, nami sijaridhika na namna lilivyomalizika.

Ulikuwa na miaka 17. Niliposikia kwamba unakesha ukizungumza na watu usiowajua katika kundi la vijana wa LGBTQ, yaani wanaopenda watu wa jinsia yao au wasiojiona katika jinsia waliyozaliwa nayo, au makuchu kama mnavyojiita wenyewe, sikukuuliza neno. Shangazi yako alikuwa amekwisha kunieleza kwamba makundi hayo ndiyo yanayowageuza watoto wa watu, nami nilikuwa nikitafuta wa kumlaumu. Nilikunyang'anya simu, nikaivingirisha katika leso, nikaifungia katika kabati pamoja na hati ya nyumba na dhahabu za nyanyako. Ulikaa bila simu siku tisa. Katika siku hizo ulikuwa mtulivu, ulikuwa ukiosha vyombo bila kuambiwa, ukilala mapema, ukiitikia kila kitu kwa "naam, mama", nami nikadhani utulivu ule ni dalili ya kupona, kumbe ulikuwa unazama.

Usiku wa tano niliitoa simu na kuichomeka chaji. Sikufanya hivyo kwa wema, nilitaka kuona ni nani hao. Nambari ya siri sikuwa nayo, lakini ilipowaka, ujumbe ulianza kuingia mmoja juu ya mwingine, na mistari ya kwanza ilisomeka bila kufungua. Mtu aliyejiita Kasa alikuwa ameandika: "Leo ni siku ya tano hatujakusikia. Hatukulazimishi uzungumze. Tuandikie nukta moja tu tujue upo." Nilisimama pale, ufunguo wa kabati mkononi, nikaisoma tena na tena hadi kioo kikazimika. Watu wasioijua sura yako walikuwa wamezihesabu siku za kimya chako, na mimi ninayelala nyuma ya ukuta mmoja na kitanda chako sikuwa nimehesabu hata moja. Na hata baada ya kuyasoma hayo nilikaa na simu yako siku nne zaidi, kwa kiburi tu. Hizo nne ndizo ninazokuomba radhi zaidi kuliko zile tano za kwanza, kwa kuwa zile nilikuwa sijui.

Kosa la pili lilikuwa kukupeleka kwa yule aliyejiita mshauri, ambaye sitamtaja, na ambaye ukumbini kwake alituwekea sahani ya tende na kutuapia kwamba siri itabaki baina yetu na Mungu. Kabla hatujafika nyumbani, habari zilikuwa zimefika Majengo. Tangu siku ile nilielewa kwa nini kijana wa mji huu, ambamo baraza moja huijua nyumba yote, humwambia mgeni aliye mbali mambo asiyoweza kumwambia jirani.

Nilianza kuuliza polepole. Muuguzi mmoja mstaafu, mtu mzima mwenye haya zake, alikubali kunifundisha kama anayemfundisha mtoto wa darasa la kwanza. Aliniambia kwamba chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliacha kuuhesabu mwelekeo wa kupenda watu wa jinsia yako kuwa ugonjwa mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likaufuta katika orodha yake ya maradhi tarehe 17 Mei 1990. Basi mbona vijana hawa wanaugua roho kuliko wenzao? Akanieleza fikra ambayo mtafiti Ilan Meyer aliifafanua mwaka 2003, kwamba kinachoumiza ni mzigo wa kuishi ukijificha: kupima kila neno, kutazamia tusi kabla halijatamkwa, na mwishowe kuanza kujitukana mwenyewe ili wengine wasikutangulie. Nilikumbuka namna ulivyokuwa ukibadilisha sauti kila mjomba wako alipoingia mlangoni.

Kisha akanipa tarakimu ambayo imenikaa kooni mpaka leo. Mwaka 2009 Caitlin Ryan na wenzake wa San Francisco walichapisha uchunguzi wa vijana 224, wakaona kwamba wale waliokataliwa sana na familia zao walikuwa na uwezekano wa kuripoti kuwa wamejaribu kujiua mara 8.4 zaidi ya wale ambao familia zao hazikuwakataa au ziliwakataa kidogo tu. Hao walikuwa vijana wa Marekani, si wa Kibokoni, nami sidai kwamba hesabu yao ni hesabu yetu. Hata hivyo, familia ni familia, na kabati langu linafungwa kwa ufunguo kama makabati ya huko.

Mimi ni mtu wa swala tano, nawe unanijua. Yako maswali ambayo sijayapatia jawabu, na sitakudanganya kwamba nimeyapata. Ila sijaona popote nilipoamrishwa nimwache mwanangu alie peke yake usiku kucha.

Sasa nielezee ninavyoielewa hiyo jamaa yako ya mtandaoni, nawe unisahihishe nitakapokosea. Hao si madaktari, wala hawajidai kuwa madaktari. Kazi yao ni ile ambayo wanawake waliofiwa hufanyiana msibani, pale mwenye msiba wa zamani anapokaa karibu na mwenye msiba wa jana, asimpe dawa, amwambie tu kwamba hata yeye alidhani hatafika asubuhi na amefika. Mnaulizana hali, mnakumbushana kula, na mtu anapoandika kwamba amefukuzwa nyumbani, yupo mwingine aliyewahi kufukuzwa anayejua usiku wa kwanza huwaje. Wapo wasimamizi wanaosoma yanayoandikwa, wanaofuta matusi na kumtoa anayewatongoza wadogo. Muuguzi wangu aliniambia kwamba The Trevor Project, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1998, liliwatengenezea vijana wa miaka 13 hadi 24 uwanja wa namna hii, ukiitwa TrevorSpace, na kwamba kuyatenga makundi kwa umri ni jambo la kwanza la kuangalia, kwa sababu mtu mzima anayejipenyeza kwa watoto mara nyingi hana nia njema. (Uliponiambia kwamba katika makundi ya Kiingereza watu huulizana kwanza waitwe kwa kiwakilishi gani, cha kiume au cha kike, nilicheka, kwani sisi "yeye" wetu hajawahi kumuuliza mtu swali hilo.)

Lakini sisi hatuishi Marekani, na hapa lazima niseme kama mama anayeogopa. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza ngono inayoitwa ya kinyume cha maumbile, bado kinatishia kifungo cha miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha tarehe 24 Mei 2019. Kweli, kifungu hicho kinahusu vitendo, hakimzuii mtu kuzungumza wala kutafuta msaada, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba haikuwa halali kukinyima chama cha kutetea watu hawa usajili. Wewe unayesoma sheria utanieleza vizuri zaidi. Mimi ninachokijua ni kwamba wakora hawasomi hukumu. Wanajitia vijana wenzenu, wanazungumza utamu wiki mbili, wanaomba picha, kisha wanaomba pesa. Anayekuharakisha mtoke kundini mwende faraghani, anayetaka kuona sura yako kabla hujaizoea sauti yake, anayekuuliza shule na mtaa, huyo mwache bila kumpa sababu.

Na kuna ile picha. Uliwahi kuweka kundini picha ya kikombe cha kahawa juu ya dirisha, bila sura, ukadhani haina la kukutambulisha. Uliponionyesha, niliona nyuma ya kikombe kipande cha mlango wa nakshi wa jirani, na juu yake waya wa nguo wenye leso yangu ya njano. Kama mimi niliijua nyumba kwa kuitupia jicho mara moja, mtu yeyote aliyepita uchochoro ule angeijua.

Jambo jingine linanisumbua zaidi kuliko wakora, nalo ni upole wako. Yule msichana wa kundini aliyekuwa akiandika saa tisa usiku kwamba anataka kufa, ulimshika mkono peke yako kwa majuma mangapi? Ulidhoofika, macho yakaingia ndani, na mtihani wa fizikia ukauangusha. Rafiki anaweza kukaa na mwenye huzuni. Hawezi kuwa hospitali ya mtu. Mtu anapotaja kufa, hasa akitaja namna na wakati, mwite msimamizi papo hapo, umuulize mwenyewe kama kuna mtu mzima karibu anayemwamini, na umpe nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambayo haikati pesa. Zamani watu waliogopa kumkimbiza hospitali aliyejaribu kujiua kwa sababu kifungu cha 226 kilimfanya mhalifu, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba. Haya nayaandika kwa ajili ya marafiki zako, na nayaandika kwa ajili yako pia. Ukifika hapo, niamshe. Uwe Nairobi au uwe chumba cha pili, niamshe.

Wala usiweke mayai yako yote katika kundi moja. Hata huko Marekani kwenye pesa, mwezi Julai 2025 serikali iliiondoa sehemu maalumu ya vijana wa LGBTQ katika 988, simu ya dharura ya wanaofikiria kujiua, na vijana waliokuwa wakiitegemea wakaamka haipo. Kundi lenu linaweza kufutwa na kampuni, msimamizi anaweza kuchoka, na bando linaweza kukuishia usiku ule ule unapowahitaji. Ndiyo maana nataka nami niwe mmoja wa watu unaowaandikia. Sitaki kuingia kundini kwenu, nisije nikawatia haya. Siku ambazo huna maneno, nitumie hiyo nukta moja, nami sitakupigia kukuhoji. Nitakurudishia nukta yangu.

Babako bado hajasema kitu, ila juzi alirudi kutoka bandarini akauliza, bila kuniangalia, kama "wale wenzake" huko chuoni ni watu wazuri. Nilimjibu kwamba ni wazuri. Akaendelea kula. Kwa babako hiyo ni hotuba.

Na mimi nimepata mwenzangu. Ni mama mmoja wa upande wa Likoni, mwanawe kama wewe, tuliyekutanishwa na yule muuguzi. Alhamisi huvuka kwa feri, tukakaa kwangu na kahawa tungu, tukaongea juu yenu bila kuwataja majina, tukiwaita "mgonjwa wangu" na "mgonjwa wako" ili anayepita asielewe, jambo ambalo najua litakuudhi, nasi tunatafuta jina bora. Nilimsimulia kisa cha Jeanne Manford, mama wa New York aliyeandamana na mwanawe mwaka 1972 akiwa amebeba bango la kuwataka wazazi waungane kuwasaidia watoto wao, na mwaka uliofuata akaitisha kikao cha wazazi kilichohudhuriwa na watu kama 20. Mwenzangu alifikiri kidogo, akasema bango hawezi kubeba, ila mahamri atapika.

Nimekutumia shilingi 500 za bando, na nitazituma kila mwezi. Na yule Kasa, aliyekuwa akijiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne wakati ule mimi nikiwa nimekufungia simu, sijui alipata nini, nami tangu usiku ule wa kabatini nimekuwa nikitaka kuuliza nikaona aibu. Muulize kwa niaba yangu.

Mamako