Kwa wachungaji vijana: mwacheni Tamari alie

Wanangu wachungaji, nanyi akina mama wa kikundi cha maombi,

Bwana asifiwe. Wengi wenu niliwafundisha shule ya Jumapili, kwa hiyo mtanivumilia. Tangu ule mkesha silali vizuri. Mlimsimamisha binti wa watu madhabahuni, mkampa kipaza sauti, mkamtaka atamke mbele ya kwaya na wageni kwamba amemsamehe aliyembaka. Akatamka. Kanisa likapiga vigelegele. Mimi nilikuwa benchi la tatu, namwona magoti yakimtetemeka, na sikuinuka. Hapo nami nina hatia.

Ni nani aliyewaambia msamaha una saa yake, tena kabla ya sadaka? Mtu mwenye kiwewe hukubali lolote ilimradi aachwe. Na mlipomwekea mikono, mlimwuliza kwanza kama anataka kuguswa?

Someni 2 Samweli 13, sura nzima, si ile aya ya tamaa ya Amnoni mnayowahubiria vijana. Tamari, binti Mfalme Daudi aliyebakwa na Amnoni, ndugu yake wa baba, alikataa, akatoa sababu, akatafuta hata njia ya kumwepusha yule ndugu na upumbavu. Hakusikilizwa. Alipofukuzwa hakujificha: alijitia majivu kichwani, akararua vazi lake, akaenda akilia. Aliyemwambia anyamaze ni Absalomu, ndugu yake, na alimpenda. Mfalme Daudi alikasirika sana, na hasira yake ikaishia papo hapo. Tamari akabaki na ukiwa nyumbani kwa nduguye, na hatusikii neno lake tena. Kanisa letu ndilo Absalomu. Tena siku hizi tumezidi: tunamnyamazisha mtu kwa kumpa kipaza sauti.

Mmoja wenu alinong'ona kikaoni kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Mwanangu, mwaka 1989 huko Accra, Mercy Amba Oduyoye wa Ghana na wenzake walianzisha Duara la wanatheolojia wanawake wa Afrika; Musimbi Kanyoro, Mkenya mwenzetu, aliwahi kuwa kiongozi wake. Na huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, tangu miaka ya 1990 watu huisoma sura hii ya Tamari katika vikundi vidogo, kwa maswali: nani yumo kisani, kila mmoja alifanya nini, na kwenu akina Tamari wako wapi? Anayetaka kusema yake, husema. Asiyetaka, hunywa chai akaenda zake.

Nyinyi mna haraka ya Pasaka. Mnatoka Ijumaa Kuu mnarukia Jumapili. Ile Jumamosi, Bwana yumo kaburini na wanawake wamekaa na manukato yao, hamna hata wimbo wake. Binti yule bado yuko Jumamosi.

Mengine nayataja tu. Hospitali kwanza, ndani ya saa 72, apewe dawa za kuzuia VVU. Asioge kabla ya kupimwa. Ubakaji ni kesi ya polisi, haumalizwi kwa mbuzi na wazee. Mtuhumiwa asiachiwe funguo za darasa la watoto. Na hayo maneno ya "Mungu ana makusudi yake", yamezeni.

Siku hizi binti anakaa nyuma, karibu na mlango. Jumapili iliyopita alitoka kabla ya matangazo, na mashemasi wawili wakamfuata kumrudisha. Mwacheni atoke.

Mama yenu,
mzee wa kanisa mstaafu